Kichupa si kitupu: kufungua, kuyeyusha na kutumia protini ya kipokezi cha EGFR

"Dada, tumepigwa. Kichupa hakina kitu."

Kila msimu wa fildi lazima mwanafunzi mmoja aniletee maneno hayo, kichupa kakiinua kwenye taa, jicho moja kalifumba kama fundi saa. Humwambia akishushe mezani taratibu. Ndani mna maikrogramu 100 za protini, yaani moja ya kumi ya miligramu. Punje moja mbili za chumvi ya mezani zina uzito wa namna hiyo. Ukiona utando mweupe chini ya kichupa, sehemu kubwa ya unachokiona ni chumvi za bafa (maji yanayozuia uchachu usibadilike) na sukari ya trehalosi waliyoiweka ili protini isiharibike ikikaushwa. Usipoona chochote, protini ipo vilevile, imejipaka kwenye kioo.

Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Dar es Salaam, na wanafunzi huniita Mama Friza kwa sababu ufunguo wa friza ya hasi 80 ninauvaa shingoni. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaonyesha wiki yao ya kwanza. Wengi huja wakidhani ugumu uko kwenye jaribio lenyewe, kwenye pleti ya visima vidogo na mashine ya kusoma rangi. Kwa niliyoyaona, protini hii hupotea zaidi katika nusu saa ya kwanza, kabla pleti haijatolewa kwenye mfuko wake.

Tuanze na kujua tumeshika nini. EGFR ni kipokezi kinachokaa kwenye utando wa seli: nusu yake iko nje, kipande kifupi kinapenya utando, na nusu nyingine iko ndani. Upande wa nje hudaka EGF, yaani kichochezi cha ukuaji wa ngozi, protini ndogo ya asidi amino 53 inayoiambia seli igawanyike. Upande wa ndani ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti na kupeleka habari mbele. EGF yenyewe aliitenga Stanley Cohen kutoka tezi za mate za panya. Alichokiona kwanza ni kwamba vitoto vya panya waliochomwa majimaji ya tezi hizo vilifumbua macho kabla ya siku zake. Makala yake ilitoka 1962, na mwaka 1986 akapata Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini. Nawapenda hao panya waliofumbua macho mapema. Mwanafunzi akiwakumbuka, kazi ya EGF haimtoki tena kichwani.

Kinachokuja kwenye kichupa chetu si kipokezi kizima. Ni upande wa nje tu, kuanzia asidi amino ya 25 hadi ya 645, kwa sababu 24 za mwanzo ni kipande cha kuelekeza ambacho seli hukikata yenyewe. Jeni la binadamu limepandikizwa kwenye seli za kukuzwa maabara, mara nyingi zile za HEK293, seli zikaitengeneza protini na kuitema nje, ikachujwa na kusafishwa. Ndiyo maana tunasema ni protini ya binadamu ingawa hakuna binadamu aliyetolewa hata tone la damu.

Shemeji yangu anayenyanyua vyuma alisikia nikitaja "kipokezi cha ukuaji" kwenye simu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumtolea kidogo. Nilicheka mpaka nikakaa. Hii si homoni ya ukuaji, wala haijengi msuli. Imeandikwa kwenye lebo kwamba ni ya utafiti pekee, na maana yake ni kwamba haijapimwa kwa usalama wa mwili wa mtu au mnyama wa kufugwa. Haichomwi, hainywewi, haipakwi. Nayarudia haya kwa kila anayekuja kwa sababu shemeji hayuko peke yake.

Sasa kuagiza. Hapa watu hukimbilia bei, nami huwaambia bei iwe swali la mwisho. Swali la kwanza: unataka kupima nini? Ukitaka kuona EGF ikishika kipokezi, au kupima dawa ya kingamwili kama cetuximab ambayo hushika upande wa nje, basi upande wa nje ndio wako. Ukitaka kupima dawa kama erlotinib au gefitinib, hizo huingia ndani ya seli na kuziba kile kimeng'enya. Utahitaji kipande cha ndani, na hicho huuzwa kivyake. Tuliwahi kuwa na kijana mzuri tu, mchapakazi, aliyekesha siku tatu akimimina erlotinib juu ya pleti ya upande wa nje na kushangaa kwa nini hakuna kinachobadilika. Dawa ilikuwa haina pa kushika. Alipogundua alinyamaza, akaenda kunywa soda, akarudi kuanza upya.

Swali la pili ni protini imetengenezwa kwenye seli gani. Upande wa nje wa EGFR una sistini takriban 50, na karibu zote zimefungana mbili mbili kwa madaraja ya salfa. Juu yake kuna matawi ya sukari. Bakteria wa E. coli hawaweki sukari hizo, na madaraja mengi namna hiyo huwashinda kuyapanga. Kwa hiyo ukiona upande wa nje wa EGFR kutoka E. coli kwa bei ya kutupa, pita kando. Chukua ya HEK293 au ya CHO, seli za hamsta.

Swali la tatu ni mkia. Protini hizi huongezewa kipande pembeni cha kuishikia wakati wa kuisafisha: ama histidini sita hadi kumi mfululizo, ama kipande cha Fc, yaani shina la kingamwili ya binadamu ya aina ya IgG1. Mkia wa Fc una uzuri wake, kwa sababu huunganisha vipokezi viwili viwili na mshiko ukaonekana una nguvu zaidi. Lakini ulinigharimu. Mwaka mmoja niliagiza ya Fc kwa sababu ndiyo iliyokuwa tayari ghalani kwa muuzaji. Tukapaka pleti, tukaweka cetuximab kwa viwango vinavyoshuka, kisha kingamwili ya pili inayotambua IgG ya binadamu. Pleti nzima ikawa njano kama embe dodo, hata visima ambavyo havikuwekwa dawa. Cetuximab ina kipande cha IgG1 ya binadamu, na kipokezi chetu nacho kilikuwa kimevaa kipande hichohicho. Kingamwili ya pili ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu wote. Tangu siku hiyo, kwa kazi ya kingamwili za dawa naagiza yenye mkia wa histidini, na mwenye Fc simpi nafasi mpaka anieleze atatumia nini kugundua.

Lipo na swali la nne ambalo vitabu haviliwekei uzito lakini sisi wa huku linatuhusu: inakuja kavu au majimaji? Ya majimaji husafirishwa kwenye barafu kavu, na barafu kavu haisubiri karatasi za forodha. Kikasha kikikwama uwanja wa ndege kuanzia Ijumaa mchana, Jumatatu unapokea maji ya uvuguvugu na risiti. Protini iliyokaushwa kwa baridi huvumilia siku kadhaa za joto la kawaida, na wauzaji wengi huituma bila barafu kavu kabisa. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua kavu.

Kifurushi kikifika, kabla ya kitu kingine chochote, tafuta cheti cha uchambuzi cha bechi hiyo. Usitumie cheti cha bechi ya mwaka jana kilichobaki kwenye kompyuta. Humo utakuta kiasi halisi kilichomo, bafa iliyokaushwa nayo, maji ya kuyeyushia wanayopendekeza, usafi kwa jeli, na kiasi cha endotoksini. Endotoksini si jambo kubwa kwako kama kazi yako ni pleti tu. Ikiwa utaimimina juu ya seli hai, hiyo ndiyo namba ya kutazama kwanza, maana uchafu wa bakteria unaweza kuziamsha seli ukadhani ni kipokezi. Cheti kikisema kinyume na ninachokiandika hapa, fuata cheti.

Kavu huwekwa kwenye friza ya hasi 20 au hasi 80 mpaka siku ya kazi. Siku hiyo itoe, iache mezani ikiwa imefungwa kwa dakika 30. Nasema ikiwa imefungwa. Hewa ya Dar mwezi Machi unaijua. Soda ikitoka kwenye friji inatokwa jasho kabla hujafika nayo mezani. Kichupa baridi kikifunguliwa kwenye hewa hiyo, unyevu unaingia ndani na kutua juu ya protini, na kuanzia hapo hujui tena umeyeyusha kwa maji kiasi gani. Hata kwenye chumba chenye kiyoyozi sipunguzi hizo dakika.

Kisha kizungushe kwenye sentrifuji ndogo kwa sekunde 20 hadi 30. Katika safari yote ile ya ndege na bodaboda, unga umerushwa huku na kule, na sehemu yake imening'inia chini ya kifuniko. Kichupa changu cha kwanza kabisa nilikifungua bila kukizungusha. Kilitoa mlio mdogo, pfu, na nikaona kitu kama unyoya kikipaa kuelekea kwenye kiyoyozi. Bosi wangu wa wakati ule alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno. Alitoka akaenda chumbani kwake, na mpaka leo naona ingekuwa afadhali angenigombeza.

Vichupa vingine vya kioo vina kifuniko cha mpira na hewa ndani imenyonywa. Hivyo usivifungue kwa kuvuta ghafla. Toboa mpira kwa sindano safi kwanza, hewa iingie polepole, ndipo ufungue.

Kuyeyusha sasa. Kwa maikrogramu 100 mimi hutumia maikrolita 500 za PBS (bafa ya chumvi na fosfeti) safi iliyochujwa, napata maikrogramu 200 kwa mililita. Sababu ya namba hiyo utaiona kwenye hesabu ya pleti. Usiyeyushe ikawa nyepesi mno, chini ya maikrogramu 100 kwa mililita, kwa sababu protini kidogo ndani ya maji mengi hujibandika kwenye kuta za plastiki na wewe unabaki na maji. PBS imimine polepole ukizungusha ncha ya pipeti kwenye kuta za kichupa, usiilenge chini kama unaosha sufuria. Funga, kilaze, kizungushe kwa vidole kama unavyobiringisha penseli, kiache dakika 15 hadi 30, kibiringishe tena.

Usikitie kwenye mashine ya kutetemesha. Mwanafunzi ana mazoea ya kutetemesha kila kitu mpaka kitoe povu. Povu ni protini inayokunjuka pale hewa inapokutana na maji, na iliyokunjuka hairudi. Na kwa ajili ya yale madaraja ya salfa, DTT na merkaptoethanoli zikae mbali kabisa na meza siku hiyo. Kazi yake ni kuyavunja.

Je, tuongeze albumini, ile protini ya damu ya ng'ombe? Hapa mabosi hubishana. Albumini ya 0.1% hufanya kazi ya mkeka: yenyewe ndiyo inayojibandika kwenye plastiki, protini yako inabaki majini. Kama utaimimina juu ya seli, ongeza. Kama utapaka pleti, au utaibandika bayotini (vitamini ndogo inayotumika kama alama), au utaiweka kwenye chipu ya kupimia mshiko, usiongeze hata chembe. Albumini itakuwa nyingi kuliko kipokezi mara kadhaa, na itapaka pleti yako yeye badala ya kipokezi. Vilevile ukishaiweka huwezi tena kupima protini kwa mwanga wa nanomita 280, maana utakuwa unapima ng'ombe. Mimi huacha tyubu nyingi bila albumini, na tatu nne nazipa, kisha naziwekea kifuniko cha rangi tofauti.

Mwenye mpango wa kubandika chochote, bayotini au rangi, kwa njia ya amini, vile vishikio vya naitrojeni vya protini, ahakikishe bafa haina Tris wala glisini. Hizo nazo zina amini, zitanyakua bayotini kabla ya protini. PBS haina tatizo hilo. Na azidi ya sodiamu, ambayo baadhi ya watu huiweka ili bafa isiote ukungu, huua seli na huzima kimeng'enya cha HRP tunachokitumia kutoa rangi kwenye ELISA, jaribio la pleti.

Kugawa ndiko kunakoamua kama kichupa kitakuhudumia mwezi au mwaka. Hesabu yangu ni hii. Nusu ya pleti ni visima 48, kila kimoja maikrolita 100, jumla mililita 4.8, andaa mililita 5. Kwa kupaka maikrogramu 1 kwa mililita unahitaji maikrogramu 5, yaani maikrolita 25 za ile yeyusho ya 200. Kwa hiyo nagawa maikrolita 25 kwa kila tyubu. Kwenye karatasi ni tyubu 20. Kwa mikono ya binadamu ni 19, na ile ya ishirini inabaki kwenye tipu na kwenye ukuta wa kichupa, usimtafute mchawi. Tyubu moja ni siku moja ya kazi, nusu ya pleti. Tumia tyubu zisizonasa protini, zipo zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, na kwa kazi hii zinalipa bei yake.

Andika kwenye kila tyubu: jina la protini, mkia, kiwango, namba ya bechi, tarehe. Kalamu ya kawaida hufutika kwa ethanoli ya 70%, na glovu zetu zote zimelowa ethanoli. Niliwahi kufungua kisanduku nikakuta tyubu 40 nyeupe pe, EGFR na nduguye HER2 zimechanganyika, hakuna anayejua ipi ni ipi. Tangu hapo tunatumia lebo za kubandika zinazovumilia baridi, na juu ya kifuniko tunaandika kwa penseli.

Zigandishe haraka, kwa naitrojeni ya majimaji kama ipo, au kwenye barafu kavu iliyopondwa na ethanoli, au basi ziweke moja kwa moja hasi 80 zikiwa zimetawanyika, si zimebanana. Usiziweke kwenye friza ya nyumbani ile isiyofanya barafu ukutani. Hiyo hujipasha moto yenyewe kila mara ili kuyeyusha barafu, na tyubu ndogo ya maikrolita 25 huyeyuka na kuganda tena bila wewe kujua. Kisha gawa tyubu zako katika friza mbili. Umeme ulipokatika wikendi moja ndefu ya sikukuu na jenereta ikagoma kuwaka, friza yetu moja ilipanda hadi nyuzi 4. Nyingine ilikuwa jengo la pili, kwenye laini nyingine, ikasalimika. Kilichobaki humo ndicho kilichommalizisha binti mmoja shahada yake ya uzamili.

Tyubu moja itoe kafara mapema kwa ajili ya jeli. Ukiendesha SDS-PAGE, jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, mahali pa kushtukia pasikushtue: kwa hesabu ya asidi amino peke yake, upande huu wa nje unapaswa kuwa na kilodaltoni 69 hivi, lakini kwenye jeli utauona juu zaidi, kati ya 95 na 115, na mstari wenyewe mpana, umefifia kingo kama mstari wa chaki uliopitiwa na kiganja. Si uchafu. Ni zile sukari. Kila molekuli imevaa tofauti kidogo na mwenzake. Kama una wasiwasi, ichemshe kwanza, ipoe, ndipo uiweke na kimeng'enya cha PNGase F kinachokata sukari, nao mstari utashuka na kukaza. Hapo kwenye jeli ndipo DTT inaruhusiwa. Endesha na isiyo na DTT sambamba: ukiona kwenye upande usio na DTT protini nyingi imekwama juu kabisa mlangoni mwa kisima, imeshikana mafungu, na hiyo bechi ni ya kuitilia shaka. Kwa kupima kiwango, NanoDrop, mashine ya kupima tone kwa mwanga, kwenye maikrogramu 200 kwa mililita iko karibu na mpaka wa uwezo wake. Pima mara tatu na usigombane na cheti kwa tofauti ndogo.

Jaribio la kwanza ninalomfundisha kila mtu ni kuona kama kipokezi bado kinadaka EGF. Protini inaweza kuwa na kiwango sahihi na jeli nzuri na bado ikawa maiti.

Yeyusha tyubu moja juu ya barafu, izungushe sekunde chache, changanya kwa kuvuta na kuachia pipeti mara tano bila kutoa mapovu. Tia maikrolita zote 25 kwenye mililita 5 za PBS. Mimina maikrolita 100 kwa kila kisima cha pleti inayonasa protini vizuri, ifunike kwa stika, iache kwenye friji ya nyuzi 4 usiku kucha. Safu moja usiipake kipokezi, itie PBS tupu. Wanafunzi huiona hiyo safu kama upotevu. Ndiyo itakayokuambia EGF inashika kipokezi au inashika plastiki.

Asubuhi mwaga, osha mara tatu kwa PBS yenye sabuni ya Tween 20 ya 0.05%, kila mara ukikung'uta pleti juu ya karatasi ya jikoni kwa nguvu. Ziba nafasi zilizobaki kwa albumini ya 1%, maikrolita 250 kwa kisima, saa moja. Najua maziwa ya unga ni rahisi na yako kila duka. Kwenye kazi hii usiyatumie: maziwa yana bayotini yake, na sisi tunakaribia kutegemea bayotini kuona kila kitu.

Wakati pleti inasubiri, andaa EGF iliyobandikwa bayotini. Anza na nanogramu 1000 kwa mililita, shuka kwa theluthi: chukua maikrolita 400, weka kwenye 800 za bafa yenye albumini, changanya, badili tipu, endelea. Utapata 1000, 333, 111, 37, 12, 4, 1.4, na ya nane ni sifuri, bafa peke yake. Badili tipu kila hatua. Anayetumia tipu moja hushusha EGF kutoka tyubu ya juu mpaka ya chini, na mchoro wake haushuki kamwe. Weka maikrolita 100 kwa kila kisima, kila kiwango visima vitatu, saa moja hadi mbili kwenye joto la chumba. Katika safu isiyo na kipokezi weka viwango vyote vilevile. Tena chukua visima vitatu, kiwango cha 37, uongeze humo EGF isiyo na bayotini mara mia zaidi. Kama rangi ya hivyo vitatu haitaanguka, unachokiona si mshiko wa kweli.

Osha mara tatu. Weka streptavidini, protini inayodaka bayotini, yenye HRP, dakika 20 hadi 30, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kichupa chake. Osha mara nne au tano, hapa usiwe na haraka. Mimina TMB, majimaji ambayo HRP huyageuza rangi, maikrolita 100, kaa nayo. Usiende kujibu simu. Buluu huanza kwenye visima vya juu ndani ya dakika chache, na kati ya dakika 10 na 15 huwa inatosha. Mara visima vya sifuri vinapoanza kuonyesha buluu hafifu, zima kwa asidi ya salfuriki ya mola 1, maikrolita 50. Buluu inageuka njano papo hapo. Soma kwenye nanomita 450, toa ya 570, ndani ya nusu saa.

Chora mchoro ukiwa na viwango kwenye skeli ya logi. Unatafuta umbo la S: chini palipolala, mlima katikati, juu palipoanza kulala. Mahali pa nusu ya mlima ndipo pa kuandika kwenye daftari, na hapo ndipo pa kulinganisha bechi na bechi. Usikimbilie kuiita namba hiyo uwezo halisi wa mshiko. Upande wa nje uliokatwa na ukawa peke yake hushika EGF kwa udhaifu kuliko kipokezi kizima kwenye seli, kwa sababu mwingi wake hukaa umejikunja, mkono mmoja umejishika na mwingine. Juu ya plastiki nako baadhi ya molekuli zimelalia uso unaodaka. Ukihitaji namba ya kuchapisha, ibandike kwa mkia: paka kwanza kingamwili inayoshika histidini, ndipo uweke kipokezi, kisimame wima. Inagharimu pleti moja zaidi na siku moja zaidi.

Ukibadilisha kwenda kwenye molari, kumbuka uzito wa kutumia ni ule wa asidi amino kama kiwango chako kimepimwa bila sukari. Maikrogramu 1 kwa mililita ya kipokezi hiki ni nanomola 14 na nusu hivi. Nanogramu 10 kwa mililita za EGF ni nanomola 1.6. Nimezibandika namba hizi mbili kwenye mlango wa friza ili nisiulizwe.

Pleti ikitoka tupu kabisa, anza na EGF kabla ya kukilaumu kipokezi. Bayotini ikibandikwa vibaya huziba uso wa EGF. Pleti ikitoka na visima vya pembezoni tu vilivyokolea, ni ukavu: stika haikushika, na kiyoyozi kilikuwa kinapuliza juu yake. Visima vitatu vya kiwango kimoja vikitofautiana sana, ni mkono wako, na mkono hurekebika. Nampa mtu huyo pipeti na rangi ya chakula na pleti kuukuu, arudie mpaka visima vyote vifanane.

Tyubu uliyoiyeyusha ikabaki na matone, usiirudishe kwenye friza. Kila kugandisha na kuyeyusha kunaondoa sehemu, na atakayeitumia baada yako hatajua. Kwenye friji yetu, rafu ya chini, kuna kisanduku cha bati cha biskuti kilichoandikwa MAZOEZI. Tia humo, andika tarehe ya leo, na Ijumaa ijayo naimwaga.